Birika ya Kifuniko Pembeni

Mama Émerance alifika kwetu Kenya, ile komine ya Lubumbashi, mwaka ule vita vilikata inchi pande mbili. Alikuya na mutoto wake Olive, na mu kitenge alikuwa amefunga kipande cha radio ya hospitali, ile plastiki nyeusi yenye kuonyesha mifupa. Ilikuwa mukono wa Olive, siku alianguka kule Kalemie. Katikati ya ile mifupa, bwana yake Paluku alikata na wembe sura ya birika. Unaiweka ku mufuko wa maharagi, unapitisha brosi ya rangi ya bulu, unaondosha plastiki, birika inabaki. Lakini wembe uliteleza, kifuniko kikakatika pembeni, kama chenye kinataka kuanguka. Bantu balicheka. Paluku akasema muache tu.

Vita ilipofika Kalemie, Paluku alikuwa Butembo kutafuta maharagi. Mama alikimbia huku kusini na malori ya bengine. Barua hazikupita. Bwana yake hakujua kama balivuka ziwa kwenda Tanzania, ao kama balishuka Lubumbashi, ao kama bangali bazima.

Mama alinikuta nimemaliza primeri, nakaa tu nyumbani, akanichukua kazi. Tulinunua mahindi, tukasaga, mimi nikashona mifuko na kupiga birika. Bunga ilipanda na malori mpaka Kasomeno, kule benye samaki ya Kasenga bananunua. Kila lori ikiondoka, Mama alisimama kuiangalia mpaka vumbi inashuka.

Siku moja muteja alikuya kulalamika bunga yetu iko na muchanga. Mufuko wake ulikuwa na birika, lakini kifuniko kilikaa sawa juu yake. Ilikuwa ya Jeannot, mwenye kuuzisha mustari wa nyuma mu soko. Tulienda kumuona. Mama aliongea pole. Jeannot akachekesha bantu.

“Mama Birika, birika iko mu kila nyumba. Yangu inafunika muzuri. Yako inapoza chai.”

Mu njia ya kurudi nilifikiri analia sababu ya bunga. Akanishika mukono.

“Huguette mwanangu, Paluku akiona birika mu njia, ataifuata. Akifuata ile ya Jeannot, atafika kwa bantu benye habatujue. Kisha atarudi kule alitoka.”

Tukaenda kuandikisha marki. Papa Chishimba wa biro ya serikali alikuwa hajalipwa tangu mvua ya mwaka uliopita, lakini kravati ilikuwa imenyooka. Alitufasiria pole-pole. Marki haichunge bunga, haichunge hata namna ya kusaga. Inachunga ile alama yenye kuambia muntu: hii inatoka kwa fulani. Picha ya mahindi ku bunga haiwezi kuwa ya muntu mumoja, sababu bote benye bunga beko na haja nayo. Lakini birika haina mambo na bunga, kwa hiyo inaweza kuwa yetu. Atatazama kwanza kama hakuna mwengine ameiandikisha, sababu mwenye kutangulia njo mwenyewe. Dosye, ile karatasi yetu, itapanda ndege kwenda Kinshasa. Nyuma ya myaka kumi tutarudilia kuiandikisha.

Akauliza marki ni ya bintu gani.

“Bunga,” Mama akasema. “Na maharagi.”

“Mama, hauuzishe maharagi.”

“Bwana yangu njo anauzisha.”

Papa Chishimba akaandika maharagi. Kisha akatushauri turudishe kifuniko juu mbele ya kuipiga ku karatasi, sababu vile tunaleta njo vile italindwa, na ile haipendeze. Mama akainamisha kichwa, akasema ibaki vile. Papa Chishimba akanisogezea karatasi. Nikaipiga mimi.

Na karatasi ya biro tulirudi kwa Jeannot. Aliisoma kwa sauti, akichekelea, mpaka akafika ku maharagi. Akauliza ni ya nini. Mama akamuambia yote, na habari ya wembe pia. Jeannot akakunja karatasi muzuri, akairudisha na mikono mibili. Alisema atatafuta alama yake mwenyewe. Lakini mifuko yake ilikuwa imekwisha kupanda Kasomeno, hakuna vile ataiita.

Mama hakulala muzuri tangu pale. Mimi niliendelea kupiga birika.

Mvua ilikuwa inaisha wakati shofere Kasonde alisimamisha lori mbele ya mulango wetu. Nyuma yake alishuka mwanaume mwembamba, viatu vimefungwa na kamba. Kasonde alisema alimukuta mu depo ya Kasomeno, amezunguka na kupitia Zambia, amekaa chini mbele ya mufuko wa Jeannot, anauliza kila muntu swali moja:

“Nani alirudisha kifuniko?”

Bengine balimuona kama mwenye wazimu. Lakini Jeannot alikuwa amezunguka kwa bashofere bote, akabaomba: muntu akiuliza kifuniko cha birika, mumulete kwa Mama Birika, nauli iko juu yangu.

Mama alitoka na bunga mu mikono mpaka ku viwiko. Alisimama tu, na Paluku naye akasimama, kama kila mumoja anaogopa kugusa.

Olive hakumukumbuka. Alijificha nyuma yangu. Paluku akachuchumaa, akanyoosha mukono, akangoja. Olive alipomupatia wake, akapitisha kidole pole ku mufupa mpaka akafika fasi ulivunjika, akakiacha pale.