Ukungu wa Tanuri la Hawa

Hawa alianza kuoka mikate katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, mwaka wa 1971, na mumewe Ramazani ndiye aliyemletea unga wa ngano kwa mtumbwi kutoka Kazimia. Mwaka wa tano wa kazi hiyo, ukungu wa rangi ya chungwa uliingia kwenye kibanda cha tanuri. Mkate uliotoka motoni leo, kesho ulikuwa umeota manyoya laini, na ukiugusa, vumbi lilipanda hadi puani.

Alisugua rafu kwa maji ya majivu. Akachoma magunia yote ya zamani. Mwishowe akawasha moto wa magunzi ya mahindi katikati ya kibanda mpaka kuta za udongo zikawa hazishikiki. Siku tatu baadaye ukungu ulirudi, mwingi kuliko mwanzo.

Katika hali hiyo likaja agizo la chama kilichotawala nchi: mikate ya sikukuu, igawiwe watu uwanjani. Agizo la chama halikukataliwa. Hawa alioka siku mbili mfululizo, akafunika mikate kwa shuka safi, akaomba Mungu. Shuka zilipofunuliwa mbele ya wageni, mikate ilikuwa ya chungwa. Mkuu wa chama pale mjini akasema ni sumu, kwamba waasi wa milimani wamepata mtu wao humo Baraka. Askari walimchukua Ramazani palepale, kwa sababu unga ulikuwa umepita kwake.

Kila siku Hawa alipeleka chakula kwenye kasho, jela ya askari, na kila siku sahani ilirudi imejaa. Jumatatu aliambiwa kwamba Ijumaa mumewe atapelekwa Bukavu. Waliotangulia kupelekwa huko hawakuwa wamerudi.

Alikwenda kwa mwalimu wa sayansi, ambaye majirani bado walimwita Alphonse ingawa serikali ilikuwa imeyakataza majina ya Kizungu kama hilo kwenye karatasi. Mwalimu akautazama mkate kwa muda, kisha akamweleza. Ukungu huu huzaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni lile vumbi: kila chembe ikiangukia mkate huota peke yake, bila mwenzake, na moto huiua. Njia ya pili ni pale ukungu wa aina mbili unapokutana na kuungana. Hapo huzaliwa mbegu nyeusi, ngumu, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Hizo hulala ukutani miezi mingi, na joto la moto haliziui, huziamsha.

“Basi ni mi niliziamsha,” Hawa alisema.

Mwalimu alipoombwa akayaseme hayo kwa mkuu, alikataa. Alikuwa na watoto wanne, na habari ya kitu kinachokutana kwa siri, kinachojificha na kungoja moto, haikuwa habari ya kupeleka ofisi ile. Hawa hakubembeleza. Aliketi mlangoni pake mpaka jua likazama, na kulipopambazuka akarudi kuketi. Mwalimu akavaa koti.

Ikawa kama alivyoogopa. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza polepole, “Hiyo kitu yenye kungoja moto, nani alikufundisha kuisema?”

Alphonse aliomba gunzi moja tu: likiota bila unga wala mkono wa Ramazani, basi ukungu umetoka ukutani. Mbele ya askari, gunzi lilisuguliwa kwenye ukuta wa kibanda, likalowekwa katika maji ya moto yasiyochemka, likafunikwa chunguni. Mkuu mwenyewe akalifungia kabatini mwake na ufunguo akautia mfukoni. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano lilikuwa safi. Alhamisi pia.

Ijumaa lori lilikuwa linanguruma, Ramazani yuko juu amefungwa mikono, kabati lilipofunguliwa. Gunzi lilikuwa la chungwa toka ncha hadi ncha.

Mkuu alilitazama sana. Hakuomba radhi. Aliamuru Ramazani ashushwe, na akamwambia mwalimu somo hilo asilifundishe tena.

Ramazani alirudi nyumbani na mbavu zilizovunjika na sikio moja lisilosikia. Wiki hiyohiyo Hawa na jirani yake Constance walibomoa kibanda kwa jembe, wakatupa matofali ziwani. Kisha yeye na mumewe wakahamia Lweba kulima mihogo.

Mara mojamoja Ramazani alimwomba amwokee mkate. Hawa alimjibu kwamba unga wa ngano haupatikani sokoni, hata siku alizouona umejaa.