Meza Kwanza, Habari Baadaye

Wazee walimpachika jina la Redio siku yake ya tatu kazini, na lilichelewa mpaka siku ya tatu kwa sababu mbili za kwanza alikuwa na mafua, sauti imekauka. Binti mwenyewe katoka chuo cha uuguzi juzi, cheti bado kinanuka wino, akapewa wazee kumi na wawili katika ile nyumba ya kutunzia wazee: awasaidie kuoga, kuvaa, na juu ya yote ahakikishe kila mmoja anameza dawa yake, si ya jirani, na kwa saa yake. Mikono alikuwa nayo, myepesi kweli. Moyo anao. Ila mdomo, jamani, ule mdomo haukuwekewa mlango. Habari ikimwingia asubuhi, saa sita haijafika imeshaota miguu, inatembea yenyewe kwenye korido.

Alianza vizuri tu. Miezi miwili ya kwanza ya majaribio hakuna aliyemnyooshea kidole. Balaa lilikuja mwezi wa tatu, na lilitoka kwao. Dada yake mkubwa kaposwa na wanaume wawili kwa mpigo, fundi bomba na daktari wa mifugo, na baba yao, mtu ambaye hajawahi kumwambia hapana hata muuza sabuni, kawaambia wote wawili karibuni sana. Sasa wewe fikiria: una habari kama hiyo tumboni, utaweza kuhesabu vidonge?

Redio hakuweza. Jumatatu alimpa mtu kidonge cha jioni asubuhi. Jumatano alisahau kutia saini kwenye daftari la dawa, mzee wa watu nusura apewe dozi mara mbili. Matroni akamwita ofisini.

Matroni, mkuu wa nyumba ile, alikuwa mwanamke aliyenyooka kama rula, miaka thelathini kazini, hajawahi kuonekana akicheka zamu ya asubuhi. Ya jioni hakuna ushahidi. Akafungua droo, akatoa kizibao chekundu chenye vifungo vinne. Mgongoni kimeandikwa kwa herufi kubwa: NAGAWA DAWA. USINISEMESHE.

"Ukishika toroli la dawa unavaa hiki," alisema. "Unamuuliza mzee jina, unalinganisha na daftari, unampa, unamwangalia anameza, unatia saini. Mzee mmoja, kikombe kimoja, ndipo unakwenda kwa mwingine. Zaidi ya hapo husemi, wala husemeshwi."

"Sawa, Matroni. Na nikitaka kusalimia?"

"Salimia kwa macho. Binti, una makosa mawili. Majaribio yako yanaisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Ukifika hapo salama, nakupa barua ya ajira. La tatu likiingia, unakwenda nyumbani kumsaidia dada yako kuchagua."

Redio akabaki anashangaa habari ya dada imefikaje ofisini. Lakini ndivyo ilivyo, redio haichagui wasikilizaji.

Na ile barua aliitaka. Kwao hakuna mtu aliyewahi kuandikiwa barua ya ajira tangu dunia iumbwe. Mama yake alishanunua fremu ya kuitundika sebuleni, akaigongelea na msumari kabisa.

Basi akavaa kizibao, akanyamaza kama maji mtungini. Siku nne wazee walimwona akipita na toroli, midomo imebanwa, macho yanasalimia. Wakakosa raha. Fundi bomba alileta nini? Baba kasemaje? Nyumba ilikuwa na televisheni mbili, ila zote zilionyesha mambo ya watu wasiowajua.

Aliyegundua dawa ya ugonjwa huo ni Mwalimu. Huyu alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mgonjwa wa sukari, mtu wa kusoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani hata kama ni ya mwaka juzi. Na ukutani Matroni alikuwa kabandika kanuni zake za dawa. Ya tisa ilisema hivi: mzee akikataa dawa asilazimishwe, mtoaji avue kizibao, akae naye, azungumze naye kwa upole dakika kumi.

Jumatatu iliyofuata Redio akamwekea Mwalimu kikombe chake mbele.

"Nakataa," alisema Mwalimu.

Redio akamgeuzia mgongo asome maandishi.

"Nimeshasoma. Sasa wewe soma ya tisa pale ukutani."

Akaisoma. Akavua kizibao, akavuta stuli. "Mwalimu wangu, kuna shida gani leo?"

"Shida ni daktari wa mifugo. Alipokuja kuposa, alikuja na nani?"

"Na shangazi yake. Mwalimu, huyo shangazi sasa..."

Dakika kumi zikawa ishirini. Mwalimu akameza vidonge vyake huku analamba midomo, ungedhani kapewa asali.

Jambo jema halifichiki. Jumatano waliokataa dawa walikuwa wanne. Ijumaa walikuwa saba, akiwemo mmoja ambaye asubuhi hana dawa kabisa. Yeye alikataa maji.

Matroni akahesabu kwenye daftari. "Wiki iliyopita alikataa mmoja. Wiki hii ishirini na tatu. Huu ni mgomo?"

"Nitawabembeleza, Matroni."

"Wabembeleze mpaka nione sifuri."

Redio akaenda kulia kidogo kwa Bibi Cherehani. Bibi huyu alishona nguo za watu miaka hamsini, kabaki kilo arobaini na presha, na sikio moja tu la kushoto linalofanya kazi. Ndiye aliyemtobolea siri.

"Mjukuu wangu, sisi hatuumwi ukaidi. Tunaumwa hamu."

"Yaani mnakataa dawa kwa sababu ya dada yangu?"

"Kwani ungekuwa wewe ungemeza?"

Redio akafikiri, akaona kweli asingemeza. Ndipo wakakubaliana, yeye na sebule nzima: meza kwanza, habari baadaye. Kila mtu anameza, anafungua mdomo, anainua ulimi. Wa mwisho akishameza, kizibao kinavuliwa na Redio anafunguliwa. Kesho yake waliokataa walikuwa sifuri. Na keshokutwa. Matroni akatia alama ya vema kwa kalamu ya kijani ambayo wafanyakazi walidhani ilishakauka.

Ila habari nzuri inakula muda, na kugawa dawa kwa kanuni, mzee mmoja, kikombe kimoja, kunakula muda zaidi. Redio akapata akili. Akawa anapanga vikombe vyote kumi na viwili mapema, kabla ya kifungua kinywa, kwenye sinia, kwa kufuata viti: cha dirishani, cha chini ya saa, cha karibu na stuli yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Majina hakuandika, na kuuliza akaacha. Umuulize nini mtu ambaye unawajua mpaka wakwe zake? Mzee na kiti chake ni kidole na kucha. Siku tisa hakuna kilichoharibika, na hapo ndipo mtu huanza kujiona mjanja.

Ikafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Redio aliamka na mambo mawili. La kwanza ni barua, saa kumi. La pili dada alimpigia kabla hajatoka nyumbani: Jumapili fundi bomba anakuja na wazee wake, daktari wa mifugo anakuja na wazee wake, saa ile ile, kwa sababu baba kaona aibu kumbadilishia mtu muda. Toroli siku hiyo lilikuwa linamkimbiza yeye.

Bibi Cherehani alimwona tangu mlangoni anavyochekacheka peke yake, akajua leo kuna mzigo. Na yeye kiti chake kilielekeza lile sikio bovu kwenye stuli ya Redio.

"Mwalimu, nipishe hapo kwako karibu na stuli," alisema. "Leo sitaki harusi nusu."

"Utanirudishia?"

"Sasa nikifa nacho nitakipeleka wapi?"

Mwalimu akainuka, wakabadilishana viti. Redio akapita na sinia, akaweka vikombe kwa viti, macho kwenye saa ya ukutani.

"Hiki si changu," alisema Mwalimu.

Kizibao kinamkataza kusema, lakini akanong'ona. "Mwalimu, usianze. Leo ndiyo siku yangu. Meza, kuna habari ukiisikia utasimama bila fimbo."

"Sitaki habari, nataka dawa yangu. Vyangu ni viwili, cheupe na cha manjano. Hiki cha rangi ya waridi hatujawahi hata kusalimiana."

Kilichomsimamisha Redio si rangi ya kidonge. Ni yale maneno mawili, sitaki habari. Mwalimu hajawahi kuyatamka. Akamwangalia vizuri, akaona kakaa kwenye kiti cha Bibi. Akageuka kumtafuta Bibi, huyo kwenye kiti cha Mwalimu, kikombe kiko mdomoni, kichwa kinaanza kwenda nyuma, mtiifu kuliko siku zote. Bibi ambaye hana sukari, ambaye asubuhi ile alikula vijiko viwili vya uji akasema ameshiba. Vile vidonge vingeshusha sukari yake mpaka aanguke chini na asiinuke.

"Bibi, usimeze!"

Kikombe kikasimama. Kidonge cha manjano kilikuwa kimeshakaa kwenye mdomo wa chini kama ndege kwenye waya. Redio akakiondoa kwa ncha ya kidole.

"Siku tisa nzima meza, meza," alisema Bibi. "Leo usimeze. Mjukuu wangu, amua moja."

Redio akakaa sakafuni. Akawaeleza alichokaribia kumfanyia Bibi.

Mwalimu akakohoa kile kikohozi cha paredi ya asubuhi. "Kuna aliyeona kitu hapa?"

Wote wakatazama dari.

"Mimi kwa sikio hili nione nini," alisema Bibi.

"Basi hakuna kilichotokea. Binti, tupe dawa zetu halali, tia saini, saa kumi kachukue barua yako. Tukikupoteza wewe watatuletea mtu anayejua kunyamaza."

Hebu ona mambo hayo. Maisha yake yote anasutwa kwamba hawezi kukaa na neno, leo kapewa neno moja tu la kukaa nalo, na malipo yake ni barua. Angelimeza, lingeshuka vizuri tu. Kesho angepanga tena sinia, na keshokutwa, mpaka siku ambayo Mwalimu amesinzia na hakuna wa kusema hiki si changu.

Akakusanya vikombe vyote kumi na viwili, akaenda navyo ofisini. Korido ile alizoea habari inamkokota. Leo yeye ndiye aliyeikokota habari.

Barua ilikuwa juu ya meza, imeshatiwa saini. Akaitazama, kisha akasema, na kwa mara ya kwanza hadithi yake ikawa fupi.

"Nilipanga vikombe mapema, Matroni. Sikuuliza majina. Wakabadilishana viti."

"Kidonge kiliingia kinywani?"

"Kiligusa mdomo wa chini."

"Ndani au nje?"

"Ukingoni."

Matroni akaandika: ukingoni. "Nani aliyeona?"

"Wote. Ila hakuna aliyeona."

Kalamu ikasita. "Na kwa nini ulipanga mapema?"

Hapo ikabidi aeleze yote, kanuni ya tisa, mgomo, mapatano, wachumba wawili, Jumapili saa ile ile. Matroni alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama kizibao. Akatazama daftari lenye vema zake za kijani.

"Ya tisa niliiandika mimi," alisema. "Na sifuri niliidai mimi. Basi kosa hili nusu lako, nusu langu. Una makosa mawili na nusu."

Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye ile droo kilikotoka kizibao.

"Miezi mitatu mingine ya majaribio. Kila kikombe jina lake, kila mzee aulizwe, na sinia hilo lirudi jikoni. Habari zitakuwa saa nne, dawa zikishamezwa na toroli likishafungwa. Nitaziweka kwenye ratiba."

Akaziweka kweli, akaziita Mazungumzo ya Kuchangamsha Akili. Mama wa Redio akatia kalenda kwenye fremu. Sebuleni Bibi Cherehani alipiga hesabu kwa vidole, akasema miezi mitatu inatosha, harusi wataiona, labda na talaka.

Jumatatu Redio akaingia na toroli, kizibao kimefungwa vifungo vyote vinne. Jumapili imeshapita, na yaliyotokea getini kwao anayajua yeye peke yake katika nyumba hii. Mwalimu akataja majina yake kabla hajaulizwa, matatu kamili kama anaita rejista, akakagua vidonge, cheupe, cha manjano, akameza, akainua ulimi, akatazama saa. Saa tatu na robo. Bibi akasema jina lake, akauliza mara mbili kama kweli kidonge ni chake. Kila mtu mkali. Kwenye mzee wa tisa, mlango wa ofisi ukafunguka. Matroni akatoka, akatazama huku, akatazama kule, akamsogelea.

"Binti," alinong'ona. "Hiyo Jumapili. Walikuja wote wawili?"

Redio alikuwa na vikombe vitatu bado, na habari inampiga mateke kama mimba ya miezi tisa. Akalishika toroli kwa mikono miwili, akamgeuzia Matroni mgongo, akasubiri asome.