Kitambaa cha Tangi

Josephine alinipa nafasi moja tu. Jumapili nimpeleke kwa pikipiki mpaka Likoni, kwa kaka yake Nguma, nikaseme nia yangu ya kumwoa. Lakini pikipiki ikizima njiani, kama ilivyokwisha kuzima mbele yake, atapanda tuktuk arudi kwake, na maneno ya ndoa yaishie hapo.

"Mzee Chengo, mimi sisukumi chuma uzeeni," alisema.

Josephine ni mjane, nami ni mgane, na kazi yake ni kufuma vitambaa. Nyumbani kwake hakuna kitu kilicho uchi: viti vimefunikwa, televisheni imefunikwa, mtungi umefunikwa, hata rimoti ina gauni lake. Nilipomtamkia nia yangu hakujibu, ila baadaye aliniletea kitambaa cha tangi la pikipiki, cheupe, chenye maua mekundu. Kwa ndani alikishonea nailoni ili petroli isikichafue, na kwa chini alikitia mpira, kikalibana tangi lote pamoja na kifuniko chake. Sikuhitaji jibu jingine. Kila nilipokwenda kujaza mafuta nilikifunua kwa vidole viwili, kisha nikakirudisha upesi.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, niliinunua nikiwa karani wa ghala bandarini, na zamani haikuwa na tabia ya kuzima. Mimi niliamini kosa ni la mafuta. Jirani yangu Kimani, dereva wa lori mstaafu kutoka bara, aliamini hivyo pia, ila tulipishana juu ya dawa. Kituo chetu cha Bombolulu kina petroli ya kawaida, na ile ya bei kubwa yenye namba ya okteni ya juu zaidi.

"Weka hiyo ya namba kubwa," Kimani alisema. "Hii mashine imezeeka. Mzee hupewa supu."

Nilimweleza polepole, kama nilivyofundishwa fizikia katika shule ya jioni. Namba ya okteni si nguvu. Ni uvumilivu wa petroli inapobanwa ndani ya silinda, isilipuke kabla ya cheche. Injini za kisasa za mbio hubana sana, ndiyo maana huhitaji petroli yenye uvumilivu. Yangu ni ya zamani, inabana kidogo. Kuipa namba kubwa ni kuajiri askari alinde banda lisilo na kuku.

"Wewe na shule yako. Sasa mbona inazima?"

Nikajaza ya kawaida, ikanguruma vizuri, nikampungia Kimani mkono kwa madaha, ikanizimia penye soko la Kongowea katikati ya mikokoteni ya vitunguu. Safari iliyofuata nikajaza ya bei kubwa, Kimani asione. Ikaenda kama mpya, nikaanza kutilia shaka fizikia yangu, ikazima pale pale. Nikachanganya zote mbili.

"Mzee, tukujengee kibanda hapa?" akauliza mchukuzi mmoja, akinizunguka na mkokoteni wake.

Jumapili nilijaza ya kawaida, kwa kuwa nikishindwa ni heri nishindwe na elimu yangu. Josephine alikaa upande, leso mabegani, mkoba mapajani. Tukapita Kongowea salama. Juu ya daraja la Nyali pikipiki ikakohoa, ikazima.

"Ni mafuta?" akauliza, bila kushuka.

"Ngoja niangalie."

Nikafunua kitambaa, nikafungua kifuniko. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikabaki na kifuniko mkononi. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake, na kifuniko kina kitundu cha kazi hiyo. Nailoni ilikuwa imekiziba. Kumbe kila nilipofungua tangi kituoni nililiacha livute pumzi, kisha sifa nikaipa petroli.

"Ni nini?"

Nitamwambiaje mwanamke kwamba zawadi yake ndiyo inayotuzimisha?

"Mafuta," nikasema. Nikarudisha kitambaa, ila pembe moja nikaiacha wazi, na pikipiki ikawaka mara moja.

Penye taa nyekundu mjini, Josephine akaiona ile pembe. Akanyoosha mkono ubavuni mwangu, akaivuta, akaipapasa mpaka ikatulia. "Upepo huu," akasema. Sikuthubutu kuigusa.

Feri ilipotua Likoni tukaanza kupanda mlima wa kutokea, umati nyuma yetu, na katikati ya mlima ikazima. Watu wa feri hawasubiri mtu. Wakatusukuma, sisi na chuma chetu, na mmoja akatuasa, "Wazee, shikaneni." Juu alikuwa amesimama Nguma na shati lake la kanisani, ameona yote.

Josephine akashuka, akatazama tuktuk iliyokuwa ikingoja abiria.

"Mafuta tena?"

"Si mafuta," nikasema. "Ni kitambaa. Nailoni inaziba tundu la hewa."

"Umejua lini?"

"Darajani."

"Na ukanyamaza."

"Umekifuma wewe."

Nguma akakohoa. "Dada, huyu amekubali kusukumwa na Likoni nzima asikivue kitambaa chako. Marehemu shemeji alikuwa akivipangusia viatu."

"Tena alichagua vyeupe," Josephine akasema.

Akafungua mkoba, akatoa mkasi wa uzi, akakata duara juu ya kifuniko, la ukubwa ule ule, nailoni na yote. Kisha akaomba kiti kwa muuza machungwa, akaanza kufuma ukingo wa lile tundu lisifumuke. Haikuwa kazi ya haraka. Nguma akaniuliza pikipiki kama ile yafaa petroli gani. Nikamweleza okteni tangu mwanzo. Josephine hakuinua macho, lakini nilipofika kwa askari na kuku alicheka, na tuktuk ikajaza abiria wengine ikaenda zake.

Kimani, aliyekuja kuambiwa pale kituoni kwamba niliijaribu ya namba kubwa, bado anashikilia kwamba ni ile supu iliyosafisha injini. Mimi najaza ya kawaida mbele ya macho yake, na kitambaa sikifunui.