Gogo Lililonipima

Nimetengeneza majeneza miaka arobaini bila kushika futi. Mtu akipita nje ya karakana yangu, namtupia jicho mara moja, basi. Kuna bwana nilimpima akiwa juu ya baiskeli, tena anateremka mlima. Miaka kumi na mmoja baadaye jeneza lilimkaa kama soksi.

Nilistaafu mwaka jana, ila funguo za karakana niliendelea kuzivaa shingoni. Binti yangu, fundi kuliko wanaume wengi, alizidai kila wiki. Nikamwambia anayepima kwa futi bado mwanafunzi.

Jumamosi akanipeleka makumbusho ya miti iliyogeuka mawe, eti nipumzike. Katikati ya chumba kipana palilala gogo lenye uwazi toka mwanzo hadi mwisho, refu kama kitanda.

"Hili lingenitosha," nikasema. "Bila kubakiza nafasi ya kidole."

"Pima kwanza, baba."

Maneno hayo yakaniwasha. Mtunzaji, dada mmoja kijana, alipokwenda kupokea simu, nikavuka kamba ya kuzuia watu, nikalala chali, nikajisukuma ndani, kichwa mbele. Mabega yakapita vizuri. Kichwa na mabega vikatokea upande wa pili, nikacheka. Kisha tumbo likagoma.

Marehemu huwa mpana mabegani, na hapo ndipo macho yangu yalipozoea kutazama. Mstaafu anayekula vizuri hakuwamo katika hesabu. Nikajisukuma tena, jiwe likanibana zaidi. Mbao ukiibembeleza inakubali; hili lilikuwa baridi, limetulia, halina haraka na mtu. Kila nikivuta pumzi lilinirudishia nusu.

Mtunzaji akarudi mbio. "Mzee! Ndilo gogo pekee zima tulilonalo!"

"Na mimi ndiye baba pekee aliyenaye huyu," nikamjibu kwa sauti nyembamba.

Akanishika kwapani akavuta. Nikaona nyota mchana.

"Acha dada, unamkaza," binti yangu akasema. Akachuchumaa, uso kwa uso na mimi. "Baba, nipe funguo."

"Zichukue, si hizo shingoni?"

"Sizichukui. Nataka unipe."

"Nikikataa?"

"Makumbusho yanafungwa saa kumi na moja. Utalala na miti wenzako."

Nilitafuta uongo wa kunitoa humo. Maisha yangu yote sijawahi kuukosa, siku hiyo nikaukosa. Kifua kilikuwa hakina nafasi hata ya kudanganya.

"Ni zako," nikasema. "Karakana, misumeno, na ile randa nisiyokuazima."

Akanivua kamba ya funguo taratibu, akaivaa. Ndipo akatoa futi mfukoni. Akapima mdomo wa kichwani, akazunguka, akapima wa miguuni.

"Kichwani sentimita arobaini na moja, miguuni hamsini. Gogo lina shina na ncha, baba! Uliingilia shinani, ukawa unajisukuma kwenye wembamba."

Jambo hilo mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua.

"Nyoosha mikono juu ya kichwa. Toa pumzi yote. Dada, ingiza mkono, shika mguu ule."

Wakanivuta kinyumenyume kama droo. Nilitoka bila vifungo vya shati, gogo likabaki salama. Nikakaa sakafuni nikila hewa. Binti yangu alikuwa amesimama juu yangu, kalamu mkononi, akiandika kitu kwenye kiganja.

"Unaandika nini?"

"Tumbo lako," akasema. "Nisije nikakosea."