Bidoni Nyeupe

Gaspard alikuwa ameendesha magari ya serikali na ya miradi kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo moteri haikuwahi kumfia barabarani. Alilisema jambo hilo bila majivuno, kama mtu anayetaja mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo mkewe, Jovithe, alipomuaga Jumamosi asubuhi kwamba anakwenda mjini kununua mafuta ya vidanji, yaani ya kubadilisha yale yaliyochoka ndani ya moteri, agizo lilitoka barazani hata kabla hajafungua geti.

"Bidoni nyeusi. Ya lita nne. Usikubali wakupe kitu kingine."

"Nimesikia, Baba Amélie."

Alikuwa akisikia tangu mwaka uliopita, pale kiharusi kilipoupooza upande wa kulia wa Gaspard, na yeye, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka hamsini na mitatu, akalazimika kwenda kujifunza udereva pamoja na vijana aliowahi kuwafundisha kusoma. Leseni aliipata kwenye mtihani wa pili. Sasa aliweza kuingiza ile Corolla kuukuu kinyumenyume getini kwao Gasenyi bila kugusa ukuta. Lakini mambo ya chini ya boneti yalibaki ya Gaspard. Mume alisema, mke akatekeleza, na wote wawili waliona ni sawa.

Dukani kwa Tajudini, Quartier Asiatique, bidoni nyeusi ilikuwa imebaki moja tu, juu kabisa kwenye rafu. Tajudini alipotaja bei, Jovithe alimwomba arudie.

"Ni ile ile, mama. Dola hazipatikani, bidhaa inaingia kwa shida. Wiki ijayo hata hiyo hautaikuta." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akainama na kuweka mezani bidoni nyeupe yenye karatasi ya kijani. "Chukua hii. Ni nusu ya bei. Watu wa taksi wanaitumia."

Jina lililoandikwa pale Jovithe hakuwahi kuliona popote. Tajudini alimwona anasita, akaelekeza kidole pembeni, kwenye pipa lenye pampu ya mkono na chupa tupu za maji zilizopangwa kando yake. "Na kama bei ya hii nayo ni nzito, ile ya pipa tunapima kwa lita."

"Ya pipa imetengenezwa na nani?"

"Mafuta ni mafuta, mama."

Jovithe alirudisha macho kwenye bidoni nyeupe. Alikuwa akifikiria mkono wa Gaspard. Mara mbili kwa wiki alimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mjini kati, na wiki iliyopita vidole vya mkono ule mgonjwa vilishika kijiko kwa mara ya kwanza, vikakiinua kidogo, vikakiangusha. Gaspard alikitazama kijiko sakafuni kama kwamba kimemsemesha. Ile tofauti ya bei, kati ya bidoni nyeusi na nyeupe, ilitosha mazoezi ya karibu mwezi mzima. Lakini moteri ikiharibika, atampeleka na nini huko kwenye mazoezi? Hatua ishirini tu zilimchosha.

Hakununua kitu. Aliomba ruhusa, akapiga picha kwa simu maandishi ya nyuma ya bidoni zote mbili, akaondoka kuelekea Buyenzi, kwa Massoudi.

Massoudi alikuwa fundi wao tangu Corolla ilipoingia nchini. Alikuwa na mvi, kofia iliyofumwa kwa mkono, na tabia ya kujifuta mikono kwa muda mrefu kabla ya kutoa maoni yake. Alivaa miwani, akazitazama zile picha, akazikuza kwa vidole viwili.

"Mama Amélie, we unajua kusoma kuliko mi. Hebu soma hapa."

"Kumi na tano, W, arobaini."

"Na kwa ile ingine?"

"Kumi na tano, W, arobaini."

"Hiyo namba ni uzito wa mafuta. Inasema inatiririka namna gani moteri ikiwa baridi, na inashika namna gani ikipata moto. Gari yenu inataka namba hiyo. Sasa angalia hizi herufi kwa chini. Hizo ndizo zinasema mafuta imefaulu mitihani gani."

Jovithe alilinganisha. Herufi za bidoni nyeusi zilikuwa za kiwango kipya zaidi. Za bidoni nyeupe zilikuwa za nyuma yake kidogo.

"Kwa hiyo hii nyeupe ni ya chini."

"Ni ya chini ya ile, ndiyo. Lakini ni ya juu ya ile gari yenyewe ilitoka nayo kiwandani. Moteri hii ni muzee, haijui mambo ya siku hizi." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nikikwambia hakuna tofauti, nitakuwa nimekudanganya. Ile ya bei kubwa inachelewa kuchoka. Hii itachoka mapema, ni lazima uimwage mapema. Na kama mutu amebandika karatasi ya uongo, mi na we hatuwezi kujua kwa macho. Siwezi kukuapia."

"Na ile ya pipa?"

"Ile, apana. Ile haina namba, haina herufi, haina mwenyewe. Inaweza kuwa nzuri. Inaweza kuwa ilishatembea ndani ya lori. Ukiniletea hiyo, mi siimimini."

Jovithe aliketi kwenye benchi la gereji. Alikuwa amezoea kuamua mambo ya watoto hamsini na wanane darasani, nani arudie mwaka na nani asonge mbele, na aliyaamua kwa kutazama daftari na siyo jina la ukoo. Hapa napo alikuwa na maandishi mbele yake. Alijiuliza kama anaogopa mafuta au anamwogopa Gaspard. Akaona kwamba mafuta yenyewe, baada ya kuyasoma, hayamtishi sana.

"Gari inakula mafuta?" aliuliza. "Inayapunguza?"

"Swali zuri. Mara ya mwisho nilikuta imepungua kidogo sana. Moteri ni nzima."

"Basi tutatia nyeupe. Tutamwaga mapema, na kila Jumapili nitapima mwenyewe. Nionyeshe kupima."

Massoudi akamwonyesha: gari isimame mahali tambarare, moteri ipoe, kijiti cha kupimia kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kichomolewe tena, ndipo kisomwe. Jovithe akarudi kwa Tajudini, akakagua kwamba pete ya kifuniko haijakatwa, akalipa. Alasiri ile Massoudi akafanya vidanji.

Jambo moja tu hakulifanya. Gaspard alipomuuliza jioni, "Umepata?" alijibu, "Nimepata," akaingia jikoni.

Wiki mbili zilizofuata zilimchosha zaidi kuliko alivyotarajia. Kila mlio ulimshtua. Aliposimama kwenye taa za barabarani alizima redio ili asikilize. Jumapili alipima kabla ya misa, na kijiti kilionyesha pale pale, mafuta bado yana rangi ya asali iliyokoza. Alipaswa kufurahi. Lakini kila Gaspard aliposema, "Unasikia inavyonguruma vizuri? Hiyo ndiyo kazi ya mafuta mazuri," aliona haya, na haya ile haikuhusu moteri.

Kisha Fortunat, kaka yake Gaspard, akapiga simu kutoka Muramvya, juu milimani, akiwaomba waende kumtembelea. Ndugu hao wawili hawakuwa wameonana tangu ule ugonjwa. Jovithe hakuwahi kuupanda mlima ule akiwa dereva.

Walianza safari saa mbili asubuhi. Barabara ilipoanza kujikunja juu ya mji, Gaspard aliinama kidogo, sikio limeelekea mbele. "Gia ya pili. Usiilazimishe," alisema. Malori yalipanda mbele yao kwa mwendo wa mtu anayetembea, vijana wa baiskeli wameyashikilia nyuma. Mshale wa joto ulipanda kidogo, ukatulia. Saa moja na nusu baadaye walikuwa Bugarama, kwenye ukungu na baridi, wanawake wakikimbilia madirisha na karoti na kabichi.

"Simama hapa," alisema Gaspard. "Iache ipoe. Halafu niletee kijiti."

"Cha nini?"

"Cha mafuta."

Walingoja. Jovithe alinunua karoti asizozihitaji. Hatimaye akafungua boneti, akachomoa kijiti, akakileta hadi mlangoni kwa Gaspard. Yeye akagusa ncha yake kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akasugua mafuta kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa.

"Hii si mafuta yangu."

"Si yenyewe," alisema Jovithe. "Ni ya bei ndogo. Nilisoma namba, nikaenda kwa Massoudi, tukalinganisha. Nilikataa ya pipa. Pesa iliyobaki imelipa mazoezi yako ya mwezi huu."

Gaspard alitazama ukungu. Uso wake, ambao upande mmoja haukuwa umerudi sawasawa, ulikuwa mgumu kusomeka.

"Kwa nini haukuniuliza?"

"Ungesema apana."

"Ndiyo. Ningesema apana." Alifuta vidole kwenye suruali, polepole. "Lakini ungeniuliza. Mi nimebaki na nini, Jovithe? Siendeshi. Sifungi hata vifungo vya shati. Nilikuwa nimebaki na kujua gari."

Jovithe alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa na majibu ya hasira, ya namba na herufi. Lakini hakuwa akiulizwa habari za mafuta. Alisimama pale na kijiti mkononi, mafuta yakimdondokea kiatuni.

"Nimekosa," alisema. "Si kwa mafuta. Kwa kukuficha."

Gaspard aliitikia kwa kichwa. Akasema, "Rudisha kijiti, vumbi itaingia," na wakaendelea na safari. Wakafika Muramvya. Fortunat aliwapokea kwa kelele na machozi, akamsifu Jovithe kwa kuupanda mlima na gari zee namna ile, akamuuliza ndugu yake linatiwa mafuta gani.

"Muulize Mama Amélie," alisema Gaspard. "Yeye ndiye aliyasoma."

Jumatatu Gaspard alimpigia Massoudi simu mwenyewe, wakabishana nusu saa: fundi akitaka vidanji kila kilomita elfu nne, Gaspard akisema elfu tatu. Hakuna aliyeshinda, walipatana elfu tatu na nusu.

Zilipotimia, walikwenda Buyenzi pamoja. Gaspard aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na shimo la gereji, akataka mafuta ya zamani yamwagwe ndani ya karai jeupe. Yalitoka meusi, kama ilivyo kawaida. Aliyachovya, akayasugua, akaliinamisha karai kuelekea jua akitafuta punje za chuma, dalili ya moteri inayolika. Hazikuwepo. Massoudi alijifuta mikono na kungoja.

"Zamani nisingeitia," Gaspard alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "We unaonaje?"

Jovithe alichuchumaa kando ya karai, akachovya kidole naye.

"Naona imechoka kuliko nilivyotaka," alisema. "Kwa safari za mjini nyeupe inatosha, tuitie tena. Lakini Desemba tunapanda tena Muramvya, na mara hii tutakuwa watu watano na mizigo. Kabla ya safari ile tuimwage hii ya leo, hata kama kilomita hazijafika."

Gaspard alifikiri, akakubali, akamwomba amshike mkono ainuke.