Muungano wa Orodha Mbili

Dada Kompyuta, kama walivyomwita pale hospitalini, alikuwa akitikisa goti chini ya meza, kawaida yake kila anaposubiri programu imalize kazi. Hospitali mbili za tajiri mmoja zilikuwa zinaunganishwa, na meneja alitaka wafanyakazi wote wawe kwenye orodha moja, pasiwe na jina linalojirudia. Aliandika mistari michache tu: orodha ya kwanza iwe seti, ya pili iwe seti, kisha utolewe muungano wa zote mbili. Seti haipokei kitu kilekile mara mbili. Ndiyo maana aliipenda.

Asubuhi iliyofuata mama yake mdogo, ndiye aliyemlea, alikuja kazini akiwa na mtu mwingine ndani yake.

Mama mdogo alikuwa mfuaji wa shuka. Kule hospitali ya pili kulikuwa na mpishi mjane mwenye jina kama lake, la kwanza hadi la ukoo. Sasa walikuwa mwanamke mmoja, mkono wa kulia umebabuka kwa sabuni, wa kushoto una makovu ya mafuta ya moto. Mlinzi wa getini alimwamkia shikamoo mara mbili, akampisha. Wauguzi walilalamika tu kwamba uji umechelewa.

"Unajisikiaje, mama mdogo?" Dada Kompyuta alimuuliza kwenye ngazi.

"Miguu, mwanangu. Mmoja unataka jikoni, mwingine unataka kufua. Niko mbio tangu alfajiri na sijafika popote."

Kila jioni mama mdogo alibandika chungu kwake, na kabla hakijachemka akashika njia kwenda kwa watoto wa mpishi, waliomwita mama na kumwonyesha madaftari yao. Mumewe alimsubiri siku za mwanzo. Baadaye akazoea kula peke yake.

Dada Kompyuta hakutulia. Alitafuta makutano ya zile orodha za zamani, yaani majina yaliyomo kwenye zote mbili, likatoka jina moja peke yake, la mama mdogo. Akatengeneza nakala, akajaribu tofauti: orodha ya kwanza, ondoa yote yaliyomo kwenye ya pili. Jina likatoweka kabisa. Programu haikujua kumtoa mpishi ikamwacha mfuaji. Akaifuta nakala mbiombio, akateremka chumba cha kufulia. Mama mdogo alikuwa amefifia hata mashine ilionekana nyuma yake, kisha akarudi taratibu, akaendelea kukung'uta shuka.

"Umefanya nini huko juu? Nimeingiwa na baridi."

"Nilitaka kuwatenganisha."

"Usirudie. Watoto wana mtihani kesho."

Ilibaki njia moja: kila mfanyakazi apewe namba yake, orodha imtambue mtu kwa namba badala ya jina. Ilikuwa kazi ya siku moja, ila ilihitaji ruhusa. Akapanda kwa meneja.

"Shuka zinafuliwa?" meneja aliuliza.

"Zinafuliwa."

"Uji unapikwa?"

"Unapikwa, lakini..."

"Na nafasi moja imepungua bila mtu kufukuzwa. Sasa nirekebishe nini?"

"Bosi, pale kuna watu wawili."

"Nawaona vizuri tu," alisema meneja, bila ubaya wowote, akaita anayefuata.

Tajiri aliponunua hospitali ya tatu, Dada Kompyuta alikataa kuigusa orodha yake, akalisema hilo kikaoni mbele ya watu wote. Hakuna aliyemgombeza. Karani wa ofisi ya jirani alinakili ile mistari yake michache, akaongeza mmoja, akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Dada Kompyuta aliruka ngazi mbilimbili kwenda chini. Mama mdogo, ambaye hajawahi kuketi saa za kazi, alikuwa ameketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Nywele zake za mvi zilikuwa zimesukwa upya, na kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

"Kuna mtoto mchanga mahali," alisema, akitafuta viatu kwa vidole vya miguu. "Analia. Nyumba siijui, ila miguu itaijua. Nishikie hizi."

Dada Kompyuta akazipokea shuka, zikiwa bado za moto. Huko jikoni mtu alianza kuita jina la mama mdogo, na mwingine akaliita kutoka wodini.