Mkuu wa Stesheni Kwenye Ndoano

Katika saluni ile ya wanaume, nywele zako hazikufagiliwa zikatupwa hivi hivi. Kwanza zilikaguliwa. Kinyozi aliinama, akaokota kishungi sakafuni, akakisugua kwa vidole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Hizi zina kazi," au, "Pole ndugu yangu, hizi ni za jalalani tu." Wateja walikwisha kumzoea, ingawa kuna walionuna kabisa wakiambiwa zao ni za jalalani.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza wadudu. Kinyozi alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, kuvua samaki bwawani kwa chambo cha kuigiza: mdudu wa uongo anayefungwa kwa uzi juu ya ndoano mpaka samaki aape kwamba ni wa kweli. Chini ya kioo, kati ya chupa ya spiriti na brashi, alikuwa amefunga jiliwa dogo la kubana ndoano, na mteja akikosekana, yeye alikuwa hapo. Uzi aliupaka nta. Nywele alizipachika kwenye uzi kidogo kidogo, akizisokota kwa vidole, kisha akazizungusha kwenye ndoano zikawa tumbo la mdudu. Juu yake alipitisha waya mwembamba wa shaba, alioutoa kwenye mashine ya kunyolea iliyoungua, ili kulipa tumbo pingili na uzito wa kuzama. Shingoni alizungusha unyoya mmoja wa jogoo, miguu hiyo. Akapiga fundo, akalidondoshea tone la rangi ya kucha ya mke wake lisifunguke, basi, kazi imekwisha.

Kila mdudu alipewa jina la mwenye nywele. Kulikuwa na Mwalimu, kulikuwa na Muuza Magodoro, kulikuwa na Bwana Harusi, aliyenyolewa asubuhi ya siku yenyewe. Lakini bingwa wao wote alikuwa Mkuu wa Stesheni.

Huyo alikuwa baba mkwe wa kinyozi. Mzee alikuwa amestaafu reli, ila reli haikuwa imestaafu ndani yake. Alitembea kwa ratiba, alivaa kofia ya kazini hadi sokoni, na akikukaribisha chai ungedhani treni inaondoka. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, laini, za kujikunja, na hata zikilowa zilibaki zinang'aa. Samaki walizigombania. Kila Jumamosi asubuhi mzee alikaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, akanyolewa, na kunyolewa kulipokwisha wakaendelea kupiga soga mpaka wateja wengine wakaanza kukohoa. Kinyozi alifiwa na baba yake akingali mdogo. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini Jumamosi ndiyo siku aliyoisubiri wiki nzima, na si kwa sababu ya nywele. Alimpenda yule mzee.

Shida ililetwa na midomo. Siku moja bwawani ndoano ya kinyozi ilinasa chini, na wavuvi wenzake, watu wasio na breki, wakapaza sauti: "Mkuu wa Stesheni amekwama kwenye matope! Mvuteni!" Kufikia jioni utani ulikuwa umefika sokoni, na sokoni ukamkuta mzee anachagua vitunguu. Mpaka saa ile hakuwa na habari kwamba kuna mdudu mwenye jina lake.

Aliingia saluni bila kuvua kofia. "Kijana," alisema mbele ya wateja wote, "maisha yangu yote ya kazi hakuna treni iliyokwama mikononi mwangu. Leo nimekwama mimi. Tena kwenye tope. Tena kwa mkono wa mkwe wangu."

Akageuka, akaenda zake. Jumamosi ikaja bila yeye. Ikaja nyingine, na nyingine tena, na kile kiti kinyozi akakizungusha mwenyewe kwa mguu, hana la kufanya. Hata mdudu mmoja hakufunga.

"Mwenzangu," mke wake alisema kutoka upande wa pili wa pazia, alikokuwa akipaka watu kucha, "baba anasema hana haja na kinyozi. Anasema anafuga."

"Anafuga nywele?"

"Anafuga hasira. Nywele zinamsindikiza tu. Nenda kamwombe radhi, la sivyo rangi yangu ya kucha uisahau."

Kinyozi akaenda. Kwapani alibeba mkebe wenye nywele zote za mzee alizokuwa amebakiza, akikusudia kuzirudisha kwa mwenyewe. Ni mtu anayeshinda na nywele tu ndiye angeona hilo ni wazo zuri.

Mzee alifungua mlango akiwa na kofia kichwani. Kofia, ndani ya nyumba! Kinyozi akatazama penye sikio, akaelewa papo hapo.

"Baba, umejikata mwenyewe."

"Nimejipunguza."

"Naomba nione kidogo."

"Huoni kitu. Umefuata nini?"

Kinyozi akanyoosha mkebe. "Nimekuletea nywele zako, baba. Nisamehe. Nilipaswa kukuomba kwanza. Nilikuwa najivunia kuwa na wewe hata kule bwawani, nikajisahau."

Mzee alifunua mkebe, akanusa, akafunika. "Nimechekwa sokoni kwa ajili ya mdudu ambaye sijamwona hata kwa macho," alisema. "Nionyeshe."

Jiliwa lilikuwa mfukoni pamoja na uzi na ndoano, kinyozi hakwenda popote bila hilo. Akalifunga kwenye ukingo wa meza ya kulia, akabana ndoano, akaanza. Mzee alivaa miwani, akasogeza kiti. Kisha akakisogeza tena. Mwisho pua yake ikawa karibu kufungwa pamoja na uzi.

"Ni mzuri," alikiri mdudu alipokwisha, kwa sauti ndogo asiyoizoea. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika. "Na wewe je? Sote tumezamishwa majini. Wewe ni mdudu yupi?"

Kinyozi akapapasa utosi. Upara wake ulimeremeta chini ya taa. "Mimi sina kitu, baba."

"Ndevu hizo ni za nani?"

Zile ndevu ndizo zilizokuwa bango la saluni. Alizipaka mafuta kila asubuhi, na vijana waliingia wakisema wanataka kama zake. Kinyozi akatoa mkasi, akamkabidhi mzee. Mzee hakuwa na huruma. Alikata katikati kabisa ya kidevu, kishungi cha kushiba, kisha akakalia kiti cha fundi mwenyewe.

Uzi ulimkatikia. Akaanza upya. Akajaza nywele kupita kiasi, kosa la kila anayeanza, na mdudu akatoka mnene hadi tundu la ndoano likazibwa.

"Punguza, baba. Samaki atakimbia akidhani ni panya."

"Huyu ni wewe. Mwache anenepe."

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja bwawani na kofia yake, akiongozana na kinyozi mwenye pengo kidevuni. Wavuvi waliona pengo, wakaona uso wa mzee, wakafunga midomo kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Mzee akarusha. Mdudu mnene akaruka, akatua, akazama, akanasa. Mzee akavuta, wapi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Mzee akajaza kifua pumzi.

"Tahadhari! Tahadhari!" Sauti ile ya stesheni ilifika ng'ambo ya maji. "Kinyozi amekwama kwenye matope! Tunawaomba radhi abiria wote kwa usumbufu!"

Bwawa zima likaangua kicheko. Kinyozi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipomtoka akaona hayakuwa yote ya kicheko, akajifanya anafuta jasho.

Mzee alipindua ndoo ya samaki, akaikalia, akavua kofia. Kichwa kilikuwa ngazi tupu, mahali pafupi, mahali parefu, na nyuma ya sikio uwanja mtupu. Akakiinamisha kile kichwa mbele ya mkwe wake, akautoa ule mkebe wa nywele mkobani mwake, akaufungua mwenyewe na kuukinga begani, nywele zidondokee humo.

"Nimechelewa," alisema, "lakini nimefika."

Kinyozi akatoa mkasi.